Neno la Kumi na Mbili

Alifika Solai usiku, kwa lori la ng'ombe,
na mnyororo wake, ndoo yake, na karatasi.
Karatasi ndiyo niliyopewa mimi.
Maneno kumi na moja, kwa penseli,
lugha ambayo hata daktari Barng'etuny hakuijua:
hili ni inua mguu, hili piga magoti,
hili simama juu ya pipa, hili salimu watu.
Ilyas wa sarakasi, aliyeyaandika, alikuwa analia,
au ni mafua; Julai, na baridi ya Subukia inashuka.
"Usiyatumie," akaniambia. "Yajue tu,
yasije yakakuponyoka mdomoni."

Jina lake la kazini lilikuwa Zorka.
Majirani wakalichonga: Shosho Soka.
Miaka arobaini na miwili ya taa na maranda,
sasa ana ekari thelathini za mkonge uliokufa,
kidimbwi, na mgunga mmoja anaojikunia makalio
mpaka gome linang'aa kama kiti cha kinyozi.

Mwanzoni hakuujua ukubwa.
Alizunguka, hatua thelathini na nane, akazunguka,
nyasi zikafa, ikabaki pete
ambayo masika matatu hayajaifuta.
Nilimwekea napia nje ya pete. Akanyoosha mkonga tu,
kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani
bila kuvuka kizingiti.
Mwezi wa tano akavuka. Hakuna aliyeona.
Asubuhi nilikuta nyayo, zimenyooka,
zimeelekea mahindi ya mama Nyakio.
Tulilipa mistari kumi na minne.
Mwanawe alisema ilikuwa tisa.

Siku nyingi ni ajuza tu.
Anapenda maganda ya ndizi, anachukia bodaboda.
Treni ikilia mbali, upande wa Rongai,
anageuza sikio, anasogea kushoto,
anaacha nafasi ya tembo wa pili.
Hakuna tembo wa pili.
Nilimuuliza Ilyas kwa simu. Alinyamaza
mpaka salio likaisha.

Lakini mvua ya mawe.
Ghala la mkonge ni refu, tupu, la mabati,
na mawe yakiliangukia ni viganja elfu tano.
Makofi tumeyakataza hapa; kibao kiko langoni.
Mawingu ya Menengai hayasomi vibao.
Anatoka mgungani. Anapandisha miguu ya mbele kisikini,
goti lile bovu linatetemeka,
anainua mkonga, anasalimu mahindi,
anasalimu lango, choo, baiskeli yangu,
na makofi hayakomi, basi naye hakomi.

Nilikimbia na gunia kichwani. Nikamwambia basi.
Nikamwambia yatosha, mama. Kwa Kikalenjin,
kwa Kikuyu changu cha sokoni; mwisho nikajaribu
yale kumi na moja, Mungu anisamehe,
na kila moja akalitii, goti na yote,
mpaka la kumi na moja likamkuta
amepiga magoti matopeni, mkonga bado juu.
La kumi na mbili, la kusema imekwisha,
halikuandikwa. Labda halikuwepo.

Hapo ndipo nilipoona, kwenye kipaji,
alama mbili za ukanda, ngozi isiyoota nywele.
Kitu kilifungwa pale kila jioni.
Kilichofungwa hufunguliwa.
Nikapanda juu ya ndoo. Nikatafuta kwa vidole
kishikizo kisichokuwepo, kushoto, kisha kulia,
nikakifungua polepole, mikono imekufa ganzi,
nikainua taji la hewa, zito,
nikaliweka chini.

Akateremsha mkonga.
Akashusha pumzi ndefu, harufu ya majani na chuma,
ikanilowesha kuliko mvua.

Siku hizi mawingu yakikaa vibaya naacha chai yangu.
Jebiwott huuliza, unakwenda wapi saa hizi?
Kumvua mtu taji, namwambia.
Hucheka, hunipa tochi.
Juzi alikuja pia, na gunia lake,
akasimama upande wa kulia.